Uzinduzi wa Shule ya Kisasa ya Bati Bora

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mkubwa wetu wa Jimbo, ambaye naye ametuma mwakilishi kwa sababu amebanwa na kazi, Mheshimiwa Kaimu mkubwa wa komini yetu ya Kasuku hapa mjini Kindu, pamoja na yule anayemkaimu, waheshimiwa wa usalama, mliovaa sare na wale ambao hamkuvaa lakini tunawajua, Padri wetu, Sheikh wetu, wakubwa wa mitaa, mama wa soko, mliofunga meza zenu kwa hiari baada ya kuombwa na polisi, vijana wa pikipiki, wazazi, wanafunzi mliokaa chini juu ya udongo wa shule yenu wenyewe, na wewe ndugu wa redio, ambaye nakuomba usogeze kipaza sauti karibu zaidi na mimi, kila mmoja wenu kwa cheo chake, kwa sifa zake na kwa daraja lake, nawasalimu.

(Makofi ya safu ya mbele.)

Anayezungumza nanyi ni mimi, Blaise Onema, Mratibu wa Jimbo wa Partenariat, yaani ushirikiano, kati ya Shule na Makampuni, ofisi ambayo haikuwepo kabla yangu, na ambayo wataalamu wanasema itakuwa vigumu kuendelea kuwepo baada yangu. Leo nimekuja kuzindua Shule ya Kisasa ya Bati Bora. Nimezindua mambo mengi katika jimbo hili, nimezindua hata vitu ambavyo vilikuwa vimekwisha kuzinduliwa, lakini shughuli ya leo imenigusa, kwa sababu inahusu watoto, na watoto, kama tulivyokubaliana kwenye warsha ya mwaka jana, ndio wanaokua.

Ili mtu aelewe tulikofika, sharti ajue tulikotoka. Hapa nilipokanyaga palikuwa na shule. Iliitwa Tujitahidi, jina la unyonge, jina la watu ambao hawajapata mshirika. Ilikuwa na madarasa sita ya matofali ambayo wazazi waliyachoma wenyewe, na mabati juu. Vita vilipofika, mji ukafungwa pande zote mwaka ule wa 2002, treni haiji, baiskeli kutoka Kailo hazipiti, chumvi inauzwa kwa kijiko, wanajeshi waliingia shuleni wakayafanya madawati kuni.

Katika hali hiyo alikuwepo mwalimu mmoja, Scholastique, ambaye namwona amesimama pale nyuma, ijapokuwa hakualikwa.

(Makofi marefu. Watu wote wanageuka kumtazama mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha kahawia. Yeye anatazama chini.)

Asanteni. Makofi hayo nayapokea.

Mwalimu Scholastique hakukimbilia porini. Chaki ilipokwisha, alianika vipande vya muhogo juani mpaka vikakauka kama mfupa, akawa anaandikia ubaoni. Njaa ilipozidi, watoto wakawa wanatazama chaki kuliko wanavyotazama herufi. Siku moja akaacha somo katikati, akawagawia chaki yote wakaitafuna, na kesho yake akaanza kuandika kwa mkaa juu ya mlango. Risasi ziliposikika aliwalaza watoto sakafuni na kuendelea na hesabu ya kujumlisha wakiwa wamelala. Wengi wenu mlioko hapa, ninyi wazazi wa leo, mlijifunza kusoma mkiwa mmelala kifudifudi, mbinu ambayo mpaka leo haijafanyiwa utafiti. Mimi wakati huo nilikuwa Kinshasa kwenye masomo ya juu, na niliteseka sana kwa kusikiliza habari.



Vita vikaisha, kadiri vita vya kwetu vinavyoisha. Shule ikabaki, na umaskini ukabaki nayo. Mshahara wa walimu ukawa kama mvua ya kiangazi: unasikia imenyesha kwa jirani. Halafu elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya bure, watoto wakatoka majumbani kama kumbikumbi, darasa la kwanza peke yake likapita watoto mia moja, wa mbele wanasikia, wa katikati wanaambiwa na wa mbele, wa nyuma wanabuni. Ndipo Papa Soudi, mwenye duka la vitenge, mkubwa wa kamati ya wazazi, aliponijia ofisini, akavua kofia yake, akaniambia: "Muheshimiwa, tunaomba mabati kidogo, paa inavuja. Na chaki."

Nilimwonea huruma. Nikamwambia: "Papa Soudi, wewe unafikiri kwa kipimo cha bati moja moja. Mimi nafikiri kwa kipimo cha vision, maono makubwa."

Akauliza: "Hiyo vision, mvua haipiti?"

(Kicheko. Mheshimiwa anasubiri kiishe.)

Sikumjibu, kwa sababu kiongozi hajibu kila kitu. Nilitafuta. Na katika kutafuta, Mungu akaniletea Bwana Louis, mwakilishi wa kampuni ya Bati Bora, inayonunua mchanga wa bati kutoka kwa wachimbaji wadogo kule Kalima. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, na vumbi la Kindu halikuvishika, nikajua kwamba huyu ni mtu wa mtaji. Akafungua kompyuta yake mezani kwangu, akanionesha picha ya shule: ghorofa mbili, majani ya kijani, vioo, na watoto wanaocheka. Watoto wale hawakuwa wa kwetu, walikuwa na kofia za baridi, lakini Bwana Louis alinieleza kwamba hilo ni jambo dogo, litarekebishwa.

Tukaingia kwenye mazungumzo ya kitaalamu. Nawasimulia yote, maana mimi ni mtu wa uwazi.

Bwana Louis akasema: "Kampuni itatoa shule. Shule itatoa nini?"

Nikasema: "Jina."

Akasema: "Na nini tena?"

Nikasema: "Kiwanja."

Akasema: "Na nini tena?"

Nikaona huyu mtu kweli anaamini ushirikiano. Nikafikiri, nikasema: "Watoto."

(Minong'ono. Askari mmoja anaashiria watu wakae kimya.)

Msininukuu vibaya. Nilisema watoto kwa maana ya rasilimali watu. Kampuni iliomba liongezwe somo moja tu katika darasa la sita, somo la Amali ya Madini, ili mtoto wa jimbo letu la Maniema asimalize shule bila kujua kilicho chini ya miguu yake. Sare ikawekwa nembo ya kampuni mgongoni. Kitabu cha hesabu kikaletwa, kitabu kizuri, kina rangi, ambamo hakuna tena machungwa wala mbuzi, kila kitu kinahesabiwa kwa mifuko ya mchanga. Kitabu kilikuja kimoja, lakini kilipitishwa mbele ya wanafunzi wote.

Kisha nikaitisha mkutano wa wazazi hapa hapa, nikatangaza kwamba majengo ya Tujitahidi yatabomolewa kupisha ya kisasa. Watu walipiga makofi. Mwalimu Scholastique akanyoosha mkono, kama mwanafunzi, akasema kwa sauti ya chini:

"Muheshimiwa, hatukatai maendeleo. Lakini mbele ya kubomoa, tuoneshe kwanza matofali mapya iko wapi."

Nikamjibu: "Mwalimu, maendeleo hayaoneshwi. Maendeleo yanatangazwa."

Akasema: "Basi tangaza, lakini usibomoe."

Ilibidi tumwombe akae. Wiki ile ile tulibomoa. Mabati yalipelekwa kwenye ghala la kampuni ili yasipate kutu. Matofali, kwa sababu za usalama, yalihifadhiwa nyumbani kwangu, ambako yamepangwa vizuri sana kuzunguka uwanja, kwa urefu wa mtu na zaidi.

(Kicheko cha nyuma. Safu ya mbele haicheki.)

Sasa nafika kwenye tukio la Kalima, kwa sababu najua linasemwa sokoni, na linasemwa vibaya. Kampuni ilileta lori kuwachukua watoto wa darasa la sita kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Vitendo vyenyewe vilikuwa kusimama ndani ya kijito na kuosha mchanga wa bati kwa karai, kazi nyepesi, inayofaa mikono midogo, kama Bwana Louis alivyoeleza mwenyewe. Mwalimu Scholastique akaja akasimama mbele ya lori. Dereva akapiga honi. Mwalimu hakusogea. Nikapigiwa simu, nikaja kwa pikipiki, nikamwambia: "Mwalimu, lori hili litaondoka, ukitaka usitake."

Akanitazama. Akasema: "Kama litaondoka na watoto yangu, litaondoka na miye."

Akakunja kitenge, akapanda nyuma pamoja nao, na ubao wake mdogo kwapani.

(Makofi.)

Asanteni. Ndiyo, nilimruhusu.

Safari ya Kalima mnaijua ilivyo, matope, madaraja ya magogo, walifika wamechoka. Msimamizi akawagawia watoto makarai. Mwalimu akayakusanya moja moja, akayapindua chini, akawakalisha watoto juu yake kama viti. Akaegemeza ubao kwenye mti, akaanza somo. Msimamizi akamwambia: "Mama, hapa ni mahali pa kazi." Yeye akasema: "Na miye niko kazini."

Somo lilikuwa la sehemu. Na hapa ndipo nasikitika, kwa sababu angeweza kutumia machungwa. Yeye akatumia kitabu cha kampuni. Akauliza: "Mchimbaji ameleta mfuko mmoja. Mununuzi anasema robo ya mfuko ni maji, anaitoa. Halafu anasema robo ya ile inayobaki ni mawe, anaitoa nayo. Mchimbaji anabakia na nini?"

Wachimbaji waliokuwa kijitoni wakaacha majembe. Mmoja akasema: "Mwalimu, rudilia." Akarudilia. Wakasogea, wakakaa nyuma ya watoto, watu wazima, na matope mpaka magotini. Msichana mmoja wa darasa la sita, Bénie, akainuka akasema: "Anabakia na sehemu tisa za kumi na sita." Mchimbaji akauliza hiyo ni kiasi gani kwa mtu asiyesoma. Bénie akachora mfuko ubaoni, akaugawa, akafuta kilichochukuliwa. Wakautazama ule mfuko muda mrefu. Mzee mmoja akauliza tu: "Na kama mutu hakuweka maji wala mawe?"

Mwalimu akasema: "Basi hiyo njo hesabu ya kesho."

(Makofi, vigelegele. Wanawake wa soko wanasimama. Mheshimiwa anainua mikono yote miwili kuwashukuru.)

Nashukuru kwa mapokezi haya. Watoto walirudi Kindu bila kugusa maji. Lakini kule nyuma wachimbaji walimfuata Bwana Louis, wakamwomba apime mifuko mbele yao, na imwagwe chini waone maji na mawe viko wapi. Bwana Louis, ambaye ana ratiba ngumu, aliomba aende kwanza kuchukua mzani bora zaidi. Alipanda ndege. Nami, kulinda mazingira ya uwekezaji, nilimsimamisha Mwalimu Scholastique kazi kwa kosa la kufundisha hesabu mahali pasipoidhinishwa.

Tangu hapo, kama mjuavyo, hakunyamaza. Anafundisha katika uwanja wa Papa Soudi, watoto wa misa na watoto wa msikiti pamoja, juani asubuhi, chini ya ukuta wa duka mchana. Hata hawa wanafunzi waliopo leo tumewachukua kutoka kwake, tutawarudisha sherehe ikiisha.

Nafika sasa kwenye uzinduzi wenyewe. Naomba kitambaa kiondolewe.

(Kitambaa kinaondolewa. Ni ubao wa tangazo: picha ya ghorofa mbili na watoto wenye kofia za baridi. Nyuma yake ni kiwanja kitupu, chenye majani. Papa Soudi anasimama na kuvua kofia.)

Naona Papa Soudi ana neno. Zungumza, Papa, redio inasikia.

("Muheshimiwa, miye ni muntu wa duka, sijui mengi. Nauliza pole pole: shule iko wapi?")

Swali zuri, la mtu aliyekomaa. Nalijibu kwa takwimu. Mradi huu, kwa mujibu wa suivi, yaani ufuatiliaji, na tathmini iliyofanywa na mimi mwenyewe, umetekelezwa kwa asilimia themanini na saba, kwa maana ya fikra, mikutano, picha, jina, nembo, ubao huu na sherehe hii. Kinachobaki ni jengo.

(Mwalimu Scholastique ananyoosha mkono. Mwakilishi wa mwakilishi anaashiria aachwe aseme.)

("Muheshimiwa, hatukuombi shule. Nimeona katika sherehe, kitu kikizinduliwa, mukubwa anakikabidhi kwa wenyewe. Sasa tunaomba utukabidhi. Kile kilichoko hapa, kama kilivyo.")

Sikilizeni. Huyu mwalimu, pamoja na makosa yake, amejua protokali. Ni kweli, nilikuwa karibu kusahau. Ndugu wa redio, sogea. Kwa mamlaka niliyopewa, leo, mbele ya wawakilishi wote na wawakilishi wa wawakilishi, ninaikabidhi rasmi kwa wazazi Shule ya Kisasa ya Bati Bora, pamoja na kiwanja chake chote, kutoka barabara mpaka kwenye mfereji, iwe mali yao, wala isiwepo kampuni, mtu au ofisi ya kuwaondoa.

("Na jina?" Ni Mwalimu.)

Na jina, waiite watakavyo, maana mimi si mtu wa majina.

(Kelele kubwa. Papa Soudi anavaa kofia yake na kupunga mkono kuelekea barabarani. Pikipiki zinaanza kuingia kiwanjani, kila moja imebeba mianzi au matofali ya udongo. Wanaume wanaonekana wakichimba mashimo ya nguzo upande wa mfereji.)

Nimeguswa. Naona wananchi wamejiandaa kunijengea jukwaa la shukrani. Halikuwa la lazima.

Kabla sijamaliza, naomba tuseme pamoja. Nikisema elimu, mseme mbele.

Elimu.

(Watu wachache: "Mbele.")

Ushirikiano.

(Sauti ya majembe.)

Imepokelewa. Sasa shukrani. Namshukuru Mkubwa wa Jimbo kwa kumtuma mwakilishi, na mwakilishi kwa kumtuma huyu. Nawashukuru polisi. Namshukuru kwa namna ya pekee Bwana Louis, ambaye tungependa awe nasi, lakini simu yake haipatikani tangu Kalima. Nilituma watu mpaka mji ule aliosema ndiko makao makuu ya kampuni yake yaliko, wakakuta kinyozi, na kinyozi akasema hamfahamu. Nilipouliza wanaoandikisha makampuni, walinihakikishia kwamba Bati Bora haijaandikishwa popote. Ghala walikoweka mabati lilikuwa la kupanga, na mwenye ghala anasema mabati yaliuzwa. Ile picha, fundi wa kompyuta ameniambia ni ya nchi nyingine, na hata kule si shule, ni hospitali ya watoto.

(Mwakilishi wa mwakilishi anakunja karatasi zake.)

Kwa hiyo, wale wanaosema kwamba mradi wangu umeshindwa, nawajibu kwa sheria na kwa mantiki. Mradi huu haukuwahi kuwepo, na jambo ambalo halikuwepo haliwezi kushindwa. Hakukuwa na kampuni, hakukuwa na mshirika, hakukuwa na Shule ya Bati Bora. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema, na lirushwe redioni leo jioni.

(Mwalimu Scholastique amefika mbele. Watoto wamesimama wanajipukuta udongo. Wengine wanavua sare, wanazigeuza ndani nje, wanazivaa tena, nembo haionekani.)

Ndiyo, Mwalimu.

("Muheshimiwa, unasema hiyo shule haikukuwako.")

Haikuwepo kabisa. Narudia.

("Basi na kunisimamisha ndani yake, hakukukuwako.")

(Kicheko cha chini kwa chini kinapita katika mkusanyiko wote. Padri anamnong'oneza Sheikh kitu.)

Hoja hiyo ina uzito. Itapelekwa kwenye kamati ya ufundi, ambayo nitaiunda, na matokeo yake mtataarifiwa kwa wakati muafaka kupitia njia za kawaida.

(Mwalimu anatikisa kichwa kukubali. Vijana wawili wameleta mlango wa mbao, mkongwe, wanatafuta mahali pa kuuegemeza. Watoto wamekwisha kukaa mistari mistari, wakitazama mbele. Bénie anagawa vipande vya mkaa. Mwalimu anasema jambo kwa sauti ndogo.)

Samahani, sikusikia.

("Nasema, kwa heshima yote, Muheshimiwa, tunaomba usogee kidogo. Umesimama mahali pa ubao.")

(Ndugu wa redio anageuza kipaza sauti kuelekea kwa Mwalimu.)

Ninasogea, mabibi na mabwana. Naomba iandikwe kwamba nimesogea kwa hiari yangu.